Kufuta kila kitu ili kitufe kimoja kiitike: kisa cha steshenari ya Morogoro

Kisa hiki kilitokea kwenye steshenari moja ya Morogoro mjini, jirani na stendi ya daladala, siku ya Jumatatu. Mteja alikuwa amejaza fomu ya maombi ya chuo kwenye mfumo wa taasisi moja, ameambatisha vyeti, amelipa ada, na kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kitufe hakikuitika. Kufikia saa sita mchana kitufe kilikuwa kimeanza kufanya kazi, lakini mwenye duka alikuwa amepoteza nywila zake zote, hata za kwenye simu aliyokuwa nayo Dodoma. Mteja mwingine alikuwa amepoteza fomu ya ajira aliyoijaza nusu. Na nakala za vitambulisho vya wateja, ambazo kwa haki ndizo zilizostahili kufutwa kwenye kompyuta ile, zilikuwa bado zipo, moja juu ya nyingine.

Mimi ni fundi, nahudumia maduka ya namna hii, na niliitwa mchana ule. Mwenye duka na kijana wake wamekubali niandike bila kuwataja. Naandika kwa kirefu kwa sababu ushauri wa "futa kache", yaani futa nakala za mafaili ya tovuti ambazo kivinjari kama Chrome kimejiwekea kwenye kompyuta, unatolewa kila kona kama panadol, kwa kila ugonjwa na bila dozi, na wanaoumia ni watu waliofuata ushauri kwa nia njema kabisa.

Asubuhi ilivyokwenda

Duka lina kompyuta mbili za wateja, printa, skana na simu moja ya kazi. Msimamizi ni kijana mchapakazi, anayejua kazi yake na anayewajali wateja. Bosi wake, mama mwenye duka, alikuwa Dodoma kwa binti yake aliyejifungua.

Kitufe kilipogoma, kijana alifanya yale ambayo yeyote angeyafanya. Alirifreshi ukurasa mara kadhaa. Alifunga kivinjari akakifungua upya. Alizima kompyuta na kuiwasha. Mteja akaingia kwenye mfumo huo huo kwa simu yake mwenyewe, na kwenye simu kitufe kikaonekana kizima, kinabadilika rangi ukikigusa. Angeweza kumalizia hapo hapo, ila kuna cheti kimoja kilikuwa hakijapakiwa sawasawa na kilikuwa kimeskaniwa kwenye kompyuta ya duka. Foleni nyuma yake ilikuwa inaongezeka, maana dirisha la maombi lilikuwa linafungwa wiki ile.

Kijana akapiga simu dawati la msaada la mfumo ule. Akajibiwa afute kache, simu ikakatwa. Hakuambiwa ni kache ya nini, iko wapi, wala nini asiguse.

Alianza kwa kufuta historia, yaani ile orodha ya kurasa zilizofunguliwa. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia. Historia ni anwani na tarehe tu. Mafaili ya kurasa zenyewe yanakaa sehemu nyingine kabisa ya diski. Alipoona hakuna mabadiliko akahitimisha kwamba amefuta kidogo mno. Akabonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, akaenda upande wa mipangilio ya kina, akaweka tiki kwenye kila kisanduku, akachagua kipindi cha tangu mwanzo, akafuta. Kivinjari kilichukua muda kidogo. Alipofungua mfumo tena, mteja akaingia upya kwenye akaunti yake, kurasa alizokuwa amezihifadhi kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye mfumo, zikarudi, kitufe kikaitika, maombi yakaenda. Watu wa kwenye foleni walifurahi.

Saa chache baadaye simu ya Dodoma ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mmegusa nini huko dukani? Mbona simu yangu haina nywila hata moja?"

Kilichoonekana kwenye kompyuta ya pili

Nilipofika, kompyuta ya kwanza haikuwa na la kunieleza. Ushahidi wote ulikuwa umefutwa pamoja na tatizo. Bahati nzuri kompyuta ya pili ilikuwa haijaguswa, na nayo ilikuwa na ugonjwa ule ule: ukurasa unafunguka vizuri, kitufe kimekufa.

Nikabonyeza F12, nikaenda kwenye kichupo cha mtandao, nikarifreshi. Hapo kivinjari kinakuonyesha kila faili linalounda ukurasa, limetoka wapi na kwa ukubwa gani. Ukurasa wenyewe, yaani ile fomu, ulikuwa umetoka kwenye seva dakika ile ile. Lakini faili la skripti, lile linaloendesha vitufe na kukagua kama umejaza sawasawa, halikutoka kwenye seva. Mbele yake paliandikwa kwamba limetoka kwenye kache ya diski. Kwenye kichupo cha makosa palikuwa na mstari mwekundu mmoja: ukurasa umeita amri ambayo haimo kwenye skripti.

Nikafungua maelezo ya faili lile. Seva ilikuwa imelitoa Alhamisi iliyotangulia, pamoja na maagizo haya: Cache-Control, max-age=604800. Hizo ni sekunde, na ukizigawanya unapata siku 7 kamili. Maana yake seva ilikiambia kivinjari: faili hili ni zima kwa siku 7, litumie bila kuniuliza. Kisha mwisho wa wiki watengenezaji wakabadilisha fomu na skripti yake, wakaacha jina la faili lile lile. Jumatatu, kompyuta ya duka ikachukua fomu mpya kutoka kwenye seva na kuiunganisha na skripti ya Alhamisi kutoka kwenye diski. Fomu mpya ilitafuta amri mpya kwenye skripti ya zamani, ikaikosa, kitufe kikanyamaza. Simu ya mteja haikuwa imewahi kufungua mfumo ule, kwa hiyo haikuwa na chochote cha zamani. Ilichukua vyote viwili vikiwa vipya.

Kivinjari hakikukosea. Kilitii. Kanuni za kache katika HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, ambazo toleo lake la sasa ni waraka wa RFC 9111 wa Juni 2022, zinakiruhusu kivinjari kutumia nakala yake bila kuuliza mpaka muda uliotajwa uishe. Ukiisha, kinaiuliza seva kama faili limebadilika, na kama halijabadilika seva hujibu kwa namba 304, jibu fupi lisilobeba faili lenyewe. Utaratibu huo unaokoa bando na muda, hasa kwetu ambapo mafaili mengi yanatoka mbali. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na kwa majirani, kila faili lililokuwa tayari kwenye diski lilikuwa faili moja lisilolazimika kusafiri. Mtu anayeichukia kache ajaribu kufanya kazi bila kache siku kama ile.

Kurifreshi kwa nini hakukusaidia? Hili nimelieleza kwa watu wengi, kwa sababu karibu kila mtu anaamini kwamba F5 inaleta kila kitu upya. Tangu Chrome toleo la 54, lililotoka mwaka 2016, kurifreshi kwa kawaida kunakwenda kuuliza seva kuhusu ukurasa mkuu tu. Mafaili yaliyo ndani ya ukurasa yakiwa bado ndani ya muda wake, yanachukuliwa kwenye kache kama yalivyo. Kijana angerifreshi mpaka jioni, na kila mara angepata fomu mpya na skripti ya zamani. Kuzima kompyuta nako hakubadilishi kitu, kwa sababu kache ya diski inabaki kwenye diski.

Nikafungua dirisha la faragha, lile liitwalo Incognito kwenye Chrome, kwenye kompyuta ile ile. Dirisha hilo linaanza na kache tupu, halisomi ile ya kawaida. Kitufe kikaitika. Hapo hapo tukajua kwamba mtandao ni mzima, kompyuta ni nzima, seva ni nzima, na tatizo ni kitu kilichohifadhiwa ndani ya kivinjari. Hata kufungua mfumo kwa Firefox, iliyokuwa kwenye kompyuta ile bila mtu kuitumia, kungetoa jibu hilo hilo, maana kila kivinjari kina kache yake.

Kisha nikarudi kwenye dirisha la kawaida, nikabonyeza Ctrl, Shift na R. Hiyo ni kurifreshi kwa nguvu: kivinjari kinairuka kache kwa ukurasa ule na kuchukua kila faili kwenye seva. Kitufe kikaitika. Hakuna akaunti iliyofungwa, hakuna nywila iliyopotea, hakuna faili la tovuti nyingine lililoguswa.

Nilimweleza kijana pia jambo hili, na lilimsumbua zaidi ya mengine yote: kama kompyuta ya pili ingeachwa bila kuguswa, Alhamisi ingepona yenyewe. Siku 7 zingeisha, kivinjari kingeiuliza seva, skripti mpya ingekuja. Chochote ambacho mtu angekuwa amekifanya siku hiyo, hata kuhamisha modemu kutoka mezani kwenda dirishani, kingepewa sifa ya uponyaji. Imani nyingi za dukani kuhusu kompyuta zimezaliwa hivyo.

Kila kisanduku na kilichomo

Kosa la asubuhi ile halikuwa kufuta kache. Kache ilistahili kufutwa. Kosa ni kwamba dirisha la kufutia data limekusanya pamoja vitu ambavyo havina uhusiano, vingine vinarudi vyenyewe na vingine havirudi kabisa, na vyote vinafutwa kwa kitufe kimoja.

Picha na mafaili yaliyohifadhiwa: hiyo ndiyo kache yenyewe. Ukiifuta hupotezi kitu ambacho seva haiwezi kukurudishia. Gharama yake ni bando. Duka lile linatumia modemu ya kununua vifurushi, na baada ya usafi wa Jumatatu kila tovuti ilibidi ipakuliwe tena toka mwanzo, nembo, fonti, skripti na picha. Kifurushi kiliisha mapema kuliko kawaida. Si msiba, lakini ni fedha.

Vidakuzi na data nyingine za tovuti ni habari tofauti. Kidakuzi ndicho kinachoifanya tovuti ikukumbuke kwamba umeshaingia. Kisanduku hicho hicho kinabeba pia hifadhi ndogo ambayo tovuti hupewa ndani ya kivinjari chako, na humo ndimo tovuti nyingine huweka rasimu za fomu. Yule mteja wa pili alikuwa anaomba kazi kwenye tovuti isiyohifadhi kitu kwenye seva mpaka uwasilishe. Alichokiandika, pamoja na maelezo marefu ya uzoefu wake wa kazi, kilikuwa ndani ya kivinjari cha duka tu. Alitoka kwenda kupiga picha ya pasipoti. Aliporudi fomu ilikuwa nyeupe. Kijana alimwomba radhi na akamchapia upya bila malipo, lakini hakuna fundi ambaye angeirudisha rasimu ile.

Usafi ule ulifunga pia akaunti zilizokuwa wazi kwenye kivinjari, ikiwemo WhatsApp ya duka iliyokuwa imeunganishwa na kompyuta kwa ajili ya kupokea nyaraka za wateja. Hiyo ilirudi kwa kuskani tena kwa simu. Mifumo mingine ilidai namba ya siri ya SMS, inayokwenda kwenye simu ya mama, Dodoma, na huko mama alikuwa na mjukuu mikononi.

Kisanduku cha nywila sasa.

Kwa nini simu ya Dodoma iliguswa

Mama alikuwa ameingia kwenye Chrome ya kompyuta ya kwanza kwa akaunti yake ya Google, na usawazishaji ulikuwa umewashwa. Alifanya hivyo miaka ya nyuma ili nywila za wauzaji wa karatasi na wino zimfuate popote. Ni huduma nzuri kwa kompyuta yako binafsi. Usawazishaji unafanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo unachokiongeza hapa kinaonekana kule, na unachokifuta hapa kinafutika kule. Kache na vidakuzi havisawazishwi, hivyo kufuta kache Morogoro hakuwezi kuigusa simu iliyoko Dodoma. Nywila zinasawazishwa. Kwenye toleo la kivinjari walilokuwa nalo, kisanduku cha nywila kilikuwa kwenye orodha moja na kile cha kache, na mtu aliyeweka tiki kila mahali alikuwa anaifuta akaunti ya mama, na kwa hiyo simu ya mama.

Maelezo ya onyo yalikuwepo, kwa herufi ndogo chini ya dirisha. Kijana hakuyasoma. Simlaumu, na mama pia hakumlaumu. Alikuwa na mteja mbele yake, foleni nyuma yake, na amri ya mtu wa dawati la msaada masikioni mwake. Dirisha linalofuta nywila za mtu aliye mkoa mwingine halipaswi kufanana na dirisha linalofuta picha za nembo.

Uokoaji ulichukua siku kadhaa. Kilichomsaidia mama ni kwamba programu ya barua pepe kwenye simu yake ilikuwa bado imeingia. Yenyewe haitegemei nywila za kivinjari. Kwa kupitia barua pepe hiyo aliomba nywila mpya za akaunti moja baada ya nyingine. Akaunti moja ya muuzaji wa wino ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe ya zamani aliyoiacha na namba ya simu ambayo haitumii tena. Hiyo ilibidi aandike barua, aambatishe leseni ya biashara, asubiri.

Ningependa wenye maduka wanisikie hapa kuliko popote: msiingie kwenye kompyuta ya wateja kwa akaunti zenu binafsi. Hatari haiko kwenye kufuta tu. Mteja yeyote aliyeachiwa kompyuta ile kwa dakika chache angeweza kufungua mipangilio na kuangalia nywila za mama zimekaaje. Kompyuta ya wateja iwe na wasifu wake wa kivinjari, usio na akaunti ya mtu, na kama inawezekana itumie dirisha la wageni, ambalo likifungwa linaondoka na vidakuzi, historia na kache ya mteja aliyekuwepo.

Simu ya kazi

Nilikuwa bado nahangaika na kompyuta nilipomwona kijana amefungua mipangilio ya simu ya duka. Simu ilikuwa inalia kwamba nafasi imejaa, haipokei tena mafaili, na kwa kuwa tulikuwa tunaongelea kache aliona aifute na huko. Alikuwa kwenye ukurasa wa hifadhi wa WhatsApp. Kwenye Android ukurasa huo una vitufe viwili vinavyokaa jirani: kimoja kinafuta akiba, ambalo ni jina jingine la kache, kingine kinafuta hifadhi yote. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye cha pili, kwa sababu kilionyesha namba kubwa zaidi.

Nilimwomba asimame.

Kufuta akiba ya programu kunaondoa mafaili ya muda tu. Unabaki umeingia, mazungumzo yako yapo, programu inaendelea. Kufuta hifadhi kunairudisha programu kama siku uliyoisakinisha: akaunti inafungwa, na kwa WhatsApp mazungumzo yaliyomo ndani ya programu yanaondoka, unategemea nakala rudufu kama uliiweka. Simu ile haikuwa na nakala kwenye Google Drive. Humo ndimo mlikuwa na maagizo ya wateja, bei walizokubaliana, na nyaraka zilizokuwa zinasubiri kuchapwa.

Nafasi yenyewe haikuwa imeliwa na kache. Tulipofungua sehemu ya kusimamia hifadhi ndani ya WhatsApp, iliyojaza simu ni video zilizosambazwa kwenye makundi na mafaili makubwa ya PDF ya wateja waliokwishahudumiwa zamani. Tukaondoa hayo kwa kuangalia moja moja, makubwa kwanza, na tukazima upakuaji wa video wa kujiendesha. Simu ikapumua. Akiba ya programu tuliiacha ilivyo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, mfumo wenyewe hupunguza akiba za programu nafasi ikiwa finyu, ukianza na zile zilizovuka mgawo wake. Kwa hiyo anayefuta akiba ya kila programu kila usiku anaifanya simu ianze upya kila asubuhi na kulipia bando mara ya pili.

Wenye iPhone hawana kitufe cha akiba kwa kila programu. Safari ina sehemu ya kufuta historia na data za tovuti, na kwa programu nyingine kuna njia ya kuiondoa programu na kubakiza nyaraka zake, iliyokuja na iOS 11. Ni njia salama kuliko kuifuta programu yenyewe.

Kilichobaki baada ya usafi

Nilimuuliza kijana kwa nini aliweka tiki kila mahali wakati aliambiwa kache. Jibu lake lilinigusa. Alisema alifikiri pia anawalinda wateja: watu wanaingiza namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani kwenye kompyuta ile, na akaona ni vizuri vyote viondoke.

Nikafungua folda ya mafaili yaliyopakuliwa. Vilikuwemo vitambulisho vya taifa, mbele na nyuma, vikiwa na majina ya wenyewe kama majina ya mafaili. Barua za ajira. Hati za mshahara. Cheti cha ndoa. Kwenye folda ya skana mlikuwa na zaidi ya hivyo, na kapu la taka lilikuwa limejaa. Kufuta data ya kivinjari hakugusi hata kimoja kati ya hivyo. Kisanduku cha historia ya upakuaji kinaondoa orodha ndani ya kivinjari. Faili lenyewe linabaki kwenye diski palepale lilipoangukia. Kijana alikuwa amefuta kumbukumbu ya kwamba mafaili yalipakuliwa, na mafaili yakabaki.

Hili ndilo linalonifanya niseme usafi wa dukani umeelekezwa pasipo. Tunafuta nembo za tovuti ambazo hazimdhuru mtu, na tunaacha kitambulisho cha mama wa watu mahali ambapo mteja anayefuata atakiona akitafuta CV yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Anayekusanya taarifa za watu kwa kazi yake anawajibika nazo, na steshenari inapokea katika wiki moja nyaraka nyeti ambazo ofisi nyingi hazizioni kwa mwaka.

Tuliunda folda moja mezani kwa kazi za siku, kivinjari na skana vyote vikaelekezwa humo. Jioni kabla ya kufunga duka kijana anaifuta yote na kumwaga kapu la taka. Mteja anayetaka nakala yake itunzwe anaiomba, na inaandikwa kwenye daftari. WhatsApp ya kwenye kompyuta inafungwa kila jioni, na ujumbe wenye nyaraka unafutwa kazi ikishachukuliwa.

Wenye mfumo

Mpaka hapa nimezungumza na wenye maduka, lakini chanzo cha yote hakikuwa dukani. Ni mtu aliyebadilisha skripti na kuacha jina lile lile, baada ya kuviambia vivinjari vyote nchini visiulize kwa siku 7.

Dawa yake inajulikana miaka mingi na haihitaji fedha. Kila toleo la skripti lipewe jina lake, kwa kawaida kwa kuongeza herufi zinazotokana na maudhui ya faili lenyewe. Ukibadilisha faili, jina linabadilika, na kivinjari kinaliona kama kitu kipya ambacho hakina nakala yake. Ukifanya hivyo unaweza kuliruhusu faili likae kwenye kache mwaka mzima, sekunde 31536000, bila hofu. Ukurasa mkuu, ule unaotaja majina ya mafaili mengine, upewe agizo la no-cache: kivinjari kinaweza kuutunza lakini lazima kiulize kabla ya kuutumia. Kwa kurasa zenye taarifa za mtu, kama ile ya kuonyesha fomu iliyojazwa, agizo linalofaa ni no-store, yaani zisihifadhiwe popote. Na kwa kuwa waombaji wengi wanatumia kompyuta za watu, mfumo unaweza kutuma kichwa cha Clear-Site-Data, yaani agizo linaloambatana na jibu la seva, mtu anapotoka, ukakiomba kivinjari kisafishe data za tovuti hiyo peke yake. Huo ndio ufutaji wenye dozi, na anayeuandika ni mtaalamu, si kijana mwenye foleni.

Nililiandikia dawati la msaada maelezo haya, nikaambatisha picha ya kichupo cha mtandao inayoonyesha faili la Alhamisi kwenye ukurasa wa Jumatatu. Niliongeza ombi dogo kuhusu simu wanazopokea: kabla ya kumwambia mtu afute chochote, wamwambie afungue dirisha la faragha ajaribu humo. Kama kikifanya kazi, abonyeze Ctrl, Shift na R kwenye dirisha la kawaida. Kwa simu, atumie dirisha la faragha amalizie shughuli yake. Kama bado kuna haja ya kufuta, wataje kisanduku kimoja kwa jina, kile cha picha na mafaili, na waseme wazi kwamba kisanduku cha nywila kisiguswe. Maelekezo hayo yanachukua chini ya dakika moja kwenye simu.

Kijana ameyaandika kwa kalamu ya wino mzito na kuyabandika ukutani juu ya kompyuta ya kwanza, chini ya bei za kuchapa. Mama aliporudi kutoka Dodoma aliyasoma, akaongeza mstari wake: akaunti ya mtu yeyote, hata yangu, isiingizwe hapa.